Nimempa Mchoma Matofali Mashua ya Baba na Mume Wangu

Mpendwa Mama Godelieve, nakuomba unijibu upesi, ukurasa wako utoke Jumatano hii hii, maana Ijumaa nimeshaahidi mtu, na jina langu liweke lote, usilifiche, kwa sababu hapa Kolwezi mwanamke mwenye mashua uani ni mmoja tu na kila atakayesoma atajua ni mimi.

Ndiyo, mashua. Umesoma vizuri. Mashua ya mbao, ya tanga, imechukua ua wote mpaka nguo naanika kwa jirani, na huu ni mwaka wa pili imekaa hapo, mbali na maji yoyote isipokuwa yale ninayochota mimi mwenyewe.

Naitwa Amisa. Mume wangu Amadi ni msafirishaji, ana lori linaloleta mahindi na mihogo kutoka Kasaji. Baba yangu, mzee Yassini, alikuwa fundi wa mashua kule Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika, na mama alipofariki tulimleta hapa akae nasi, tena ni Amadi mwenyewe aliyesema mzee hawezi kubaki peke yake, na kwa hilo namshukuru mpaka kesho. Baba alifika, akakaa kwenye kiti, akatazama ukuta. Nikasema ni majonzi, yatapita. Basi mwezi ule ule alipokanyaga mchana kweupe mbabula yangu, jiko la makaa, akaungua mguu kwa sababu ya kumuwaza mama, Amadi akaenda ziwa la Nzilo, nikamwagiza samaki, akarudi na hilo dude juu ya lori. Liliachwa ufukweni na wazungu wa zamani, kuku wa wavuvi walikuwa wakitagia ndani yake, mbao zimeachana hata kidole kinapita. Ilibidi wabomoe ukuta wa ua ndipo liingie, na ukuta haujajengwa hadi leo, tumeziba kwa mabati. Nikamuuliza Amadi, hii ni nini? Akanijibu, "Ambia baba, nimemuletea kazi."

Mimi ndiye wa kumwambia, unaona? Kwetu mkwe ni mkwe, Mama Godelieve, wewe unajua. Amadi hamtazami baba usoni, hali naye sahani moja, hamkosoi kwa lolote, na neno lake kwa baba linapita kwangu, na la baba kwake vilevile. Hiyo ni heshima na mimi heshima siikatai. Lakini hebu njoo uone inavyofanya kazi kwenye mashua. Baba anakaa ndani, Amadi anakaa nje, ubao umesimama kati yao kama pazia, kwa hiyo hawaonani na mila haijavunjwa, na mimi nimewekwa kwenye kiti cha plastiki pembeni kama posta. "Amisa, ambia bwana yako anipatie pamba." "Amisa, ambia baba pamba iko fasi yake ya kila siku, mukono wa kuume." Wanasikiana! Hawako mbali hata hatua moja! Na mimi maharage yangu yanaungua jikoni.

Kazi yenyewe wanaiita kalafati, yaani kushindilia pamba yenye mafuta katika nyufa za mbao ili maji yasiingie. Sasa sikiliza. Baba anashindilia tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Akienda kujilaza, Amadi anazunguka polepole na bisibisi, anaitoa pamba ya baba, anashindilia upya kwa nguvu zake zote. Baba akiamka anapitisha vidole juu ya mbao, kama mtu anayempima mtoto homa, halafu ananiambia mimi, "Uyu mutoto anakaza sana. Ubao ikikunywa maji itavimba, itapasuka." Anaitoa pamba ya Amadi. Kesho yake, mwanzo tena. Mwaka wa pili, Mama Godelieve! Nikamwambia Amadi, kinywa chako ni cha nini, mwambie mzee kazi haiko sawa. Akasema, "Nimuambie nini? Nimuambie baba yako kama kazi yake iko na matundu?" Nikamwendea baba, naye akasema, "Mi ninakaa ku nyumba yake. Ntamufundisha kazi mutu mwenye ananilisha?" Nikawaacha. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, lakini mimi nguo sikuvua, nimevuliwa.

Watu nao. Mashua tumeifunika turubai, na hapa kwetu turubai uani ina maana moja tu: mtu anachimba madini. Nimewaambia majirani ni mashua, wanacheka. Mama Agnès wa jirani, tunayeazimana chumvi miaka yote, alinivuta pembeni akaninong'oneza, "Mama Leila, sema kweli. Ile bâche inafunika nini? Kama muko munachimba, si mutuambie, nyumba yangu isianguke ndani." Wakaja wachimbaji, vijana na tochi zao kichwani, mkubwa wao anaitwa Ruffin, ana adabu kweli, akavua kofia: "Mama, siye tuko équipe ya kazi. Utuachie chini ya ile bateau, tutagawana." Nikamwambia hakuna shimo, ni bateau tu. Akanitazama kwa huruma. "Bateau mu Kolwezi? Mama, tafuta uongo ingine." Hata mkuu wa mtaa alikuja kukagua, akaingia kwa magoti chini ya mkuku, ule uti wa mgongo wa mashua, akatoka shati limejaa mafuta, hakuona shimo, akaondoka akisema tumelificha vizuri sana.

Hayo ningeyavumilia kama akili za hao wawili zingekuwa mahali pake. Amadi amefunga kamba kutoka mlango wa baraza mpaka kwenye mashua, usawa wa kifua, mara mbili imenikaba nikiwa na ndoo kichwani. Namuuliza ya nini, anasema ya kukaushia tanga, na tanga lenyewe halijawahi kuanikwa hapo. Ngazi za baraza amezipaka rangi nyeupe kwenye kingo, rangi nzuri ya mashua inapotea bure. Siku binti yetu Leila alipohamisha nyundo kutoka kulia kwenda kushoto, Amadi, mtu asiyepaza sauti hata akigongwa gari, alimfokea mpaka mtoto akalia. Na lori amemwachia dereva mwingine, Tharcisse, ili yeye abaki nyumbani siku nyingi za wiki, biashara yetu inalegea, wateja wa Kasaji wanalalamika.

Baba ndiyo usiseme. Msahafu wake uko kwenye rafu tangu Ramadhani, vumbi limeushika, nikimuuliza anasema uko wote kifuani. Msikitini haendi mpaka Amadi ampakie kwenye pikipiki, eti hataki kuiacha mashua. Chai anaimwaga kando ya kikombe kwa kuwaza mbao. Juzi wifi yangu Bilkisi kaja na mkate wa moto, kasimama mbele yake kabisa, baba anaendelea na pamba yake kama hakuna mtu, mpaka Bilkisi alipomwamkia ndipo anasema, "Ah, Bilkisi, karibu." Wifi kaondoka amenuna, kawaambia ndugu za Amadi kwamba baba yangu ana kiburi, anakula kwa mtoto wao na salamu hatoi. Aibu hiyo yote naibeba mimi, kwa ajili ya mbao!

Basi nimeamua. Kuna mchoma matofali anaitwa Kabeya, tanuru lake halishibi kuni. Nimeongea naye. Atakuja Ijumaa, wanaume wakiwa kwenye sala, na misumeno na watu wake, na wakirudi watakuta ua umefagiwa. Sikumtaka kitu chochote, nimemwambia achukue tu.

Ila tangu nikubaliane naye moyo wangu umekaa vibaya. Jana baba kaniita kwenye mashua, kanishika mkono, kasema, "Amisa, siku ile itagusa maji, njo mi ntapumuzika." Mimi nilikuwa na hasira ya maharage, nikamjibu, "Utapumuzika mbinguni, baba." Akacheka. Nilienda jikoni nikalia, sijui kwa nini. Niambie, Mama Godelieve, nimwache Kabeya aje, au nifunge virago vyangu? Maana mimi na mashua hatutalala tena ua mmoja.

Mimi ambaye yamenifika shingoni,
Amisa, Mama Leila, Kolwezi

*

Mama Leila, namba ya Kabeya unayo. Weka gazeti chini, mpigie, mwambie Ijumaa asije. Nakungoja.

Umempigia? Haya, sasa tuzungumze.

Kwanza pole. Kuwa kinywa cha wanaume wawili wazima wanaosikiana ni kazi ngumu, na maharage hayamwonei mtu huruma. Ulivyoeleza habari za mkuu wa mtaa chini ya mkuku nimecheka mpaka nikamwaga chai yangu. Una haki ya kuchoka. Nani asingechoka?

Lakini pole imeishia hapo. Nimeisoma barua yako mara ya pili, na safari hii nikaiondoa mashua. Kila ulipoandika mashua, mbao au pamba, niliruka. Fanya hivyo na wewe, uone kinachobaki. Anabaki mzee anayekanyaga makaa mchana kweupe. Anayemimina chai pembeni ya kikombe. Aliyeacha msahafu. Asiyetoka nyumbani bila kushikwa. Anayemjua mgeni aliyesimama mbele yake pale tu anapofungua mdomo.

Baba yako haoni, Amisa.

Sisemi giza tupu, huenda anaona mwanga na vivuli. Lakini hajakanyaga mbabula kwa majonzi. Watu wengi wamefiwa na wake zao na miguu yao iko salama. Wewe umeishi naye nyumba moja, unampikia, unamfulia, unapeleka salamu zake upande huu na huu, na hukuliona hilo kwa sababu ulikuwa umeshapata kitu cha kukilaumu. Mwenye macho haambiwi tazama, tunasema. Wewe naona inabidi uambiwe.

Mume wako yeye aliona. Kamba ile si ya tanga, ni ya mzee kushika akitoka mlangoni. Rangi nyeupe ni ili mguu wake usikose ngazi. Nyundo ikihamishwa, fundi anayeitafuta kwa mkono anapapasa mbele ya watu, na hilo ndilo lililomtoa Amadi sauti. Lori amemwachia Tharcisse ili mzee asibaki peke yake na makaa. Umenililia kwa kurasa tatu kuhusu mwanaume anayemlea baba yako na kulala akitukanwa. Wengi wanaoniandikia wangebadilishana nawe leo hii.

Utaniuliza, mbona hakuniambia? Angekuambia vipi? Kwenu mwanaume hataji kasoro ya mwili wa baba mkwe, hata kwa mkewe, na huyu ni fundi, macho ndiyo kazi yake. Pia, usinikasirikie, barua yako yenyewe inapiga kelele. Amadi aliogopa jambo hilo lifike kwa Mama Agnès kabla halijamfikia mzee.

Na baba yako amenyamaza kwa sababu amekuambia mwenyewe, hukusikia: anakaa katika nyumba ya mkwe. Kwa mzee wa namna yake hilo peke yake ni zito. Akiwa fundi, ana heshima yake mezani. Akiwa kipofu kwenye kiti, anajiona mzigo. Hiyo pamba anayoshindilia kila asubuhi ndiyo inayomruhusu kula ugali wenu bila kuona haya.

Hata ule ugomvi wa kalafati hauna mwenye kosa. Amadi anaona mahali ambapo mkono wa mzee umepitwa, anaziba. Mzee anagusa pamba iliyokazwa kama jiwe, anajua ubao uliokauka hivyo utavimba ukinyweshwa maji na hautapata pa kwenda. Nimekulia Moba, kando ya ziwa lile lile la baba yako, nimeona mashua mpya zikipasuka kwa bidii ya vijana. Wote wawili wako sawa, na kila mmoja anaifuta kazi ya mwenzake kwa adabu kubwa. Heshima ni nzuri, lakini ninyi watatu mmeheshimiana mpaka mzee anapoteza macho katikati ya watu wanaompenda, na hakuna aliyetaja neno daktari. Hilo linanikera kuliko mashua yako.

Sasa sikiliza la kufanya.

Mila imemfunga Amadi mdomo, wewe haikukufunga. Wewe ni binti wa kumzaa. Kaa na baba yako peke yenu, Leila acheze kwa jirani, na useme kwa sauti ya chini, kama unayo. Usimwambie "huoni." Mwambie, "Baba, twende tukaangalie macho." Atakataa. Atasema ni uzee, atasema ni vumbi la malori. Basi mwambie mashua haishuki majini kabla fundi wake hajaikagua kwa macho yake, na kwamba wewe mwenyewe utasimama mbele ya lori. Hilo atalielewa, anajua binti aliyemzaa.

Mpeleke kwa daktari wa macho, si kwa muuza miwani wa sokoni, na si kwa mtu yeyote mwenye chupa ya majani ya kudondoshea. Kama daktari wa Kolwezi atasema mwende Lubumbashi, lori mnalo. Mimi si mganga wala nesi. Yaweza kuwa mtoto wa jicho, na huyo hutolewa, watu wakarudi kusoma msahafu wao. Yaweza kuwa presha ya macho, na hiyo ni mbaya, kilichokwisha kuliwa hakirudi, daktari anaokoa kilichobaki tu. Ndiyo maana nimekufokea. Umehesabu siku za Kabeya wakati zilizotakiwa kuhesabiwa ni za baba yako.

Amadi usimhoji. Mwambie tu umejua, na umshukuru. Atatazama chini, atajifanya anatafuta bisibisi. Mwache. Halafu kamba ibaki ilipo, ifunge vitambaa vyekundu ili isikukabe, wewe una macho. Nyundo iwe kulia. Mbabula ihamie nyuma ya nyumba. Bilkisi mwite, mpe chai, mweleze ukweli kabla hajausoma hapa, kisha mwambie kila akiingia ataje jina lake kwanza. Akisikia atalia, na ndugu za mumeo wataacha maneno.

Mashua? Itaenda Nzilo. Kubali kalafati ya mzee kama ilivyo, na pale alipopitwa, Amadi azibe kwa mkono mwepesi. Muifunge kwenye maji mafupi, muiache inywe. Itavuja siku za kwanza mpaka utacheka na kusema, si nilisema. Usicheke. Mbao za mashua zinavimba na kujifunga zenyewe, mzee atakueleza. Tanga lisipandishwe mpaka hapo. Na siku ile lori litakapoitoa, Kabeya awepo na matofali ya ukuta, ujengwe siku hiyo hiyo, maana turubai ikiondoka tu Ruffin na wenzake watakuja kutafuta shimo, na wasipolikuta watalichimba.

Hayo ya mashua yanaweza kungoja. Macho hayangoji. Kwa hiyo ukimaliza kusoma, usimalizie kufua, usimalizie maharage. Nenda ukasimame mbele ya baba yako, karibu, penye mwanga, usiseme kitu, umwache akutazame. Kisha muulize anaona nini usoni mwako. Atakudanganya. Atasema anamwona binti yake amenuna, kwa sababu hilo amelijua kwa masikio. Usibishane naye, Amisa. Mshike mkono, mwende.

Mama Godelieve